Mpangaji Tuliyemzika

Harufu ya mwaka ule ilikuwa ya simenti mbichi na utomvu wa mkorosho. Nilipotoka uani asubuhi kunawa uso, kabla hata ya moshi wa jikoni, zilinifikia hizo mbili pamoja: simenti kutoka kwenye matofali yaliyofyatuliwa jana yake na kumwagiwa maji, na utomvu kutoka kwenye mikorosho iliyokuwa ikikatwa kila upande. Mtaa wetu ulikuwa pembeni mwa mji wa Mtwara, upande wa barabara ya kwenda Naliendele, mahali ambapo nyumba zilikuwa zikiishia na mashamba yakianza, wala hakuna aliyeweza kukuonyesha mpaka ulipo. Kila nyumba ilikuwa na kiwanja kipana, na kati ya nyumba na nyumba palisimama mikorosho ambayo sisi watoto tuliijua kwa ladha ya mabibo yake: huu mtamu, huu unakereketa koo, huu una maji mengi ila unachafua nguo. Kisha ikaja habari ya gesi. Watu wazima walisema imepatikana kwa wingi, nyingine chini ya bahari, na kwamba mji wetu sasa utakuwa mji kweli. Mimi nilikuwa darasa la nne. Gesi yenyewe sikuiona hata siku moja. Nilichokiona ni misumeno, malori ya mchanga, na watu nisiowajua wakipima viwanja kwa kamba mahali tulipokuwa tukicheza rede.

Baba alikuwa na shamba la korosho kijijini, karibu na Nanyamba, na nyumba moja ya mjini aliyoijenga kidogo kidogo kwa mavuno ya miaka mingi. Mwaka ule alifanya kama walivyofanya majirani wote wenye nafasi: alijenga vyumba vya kupangisha. Alikata mikorosho ya uani, akang'oa muhogo wa Bibi, mama yake, na kupanga vyumba mstari mmoja kuelekeana na nyumba kubwa, kila kimoja na mlango wake na dirisha lake la wavu. Bibi hakupenda. Alikuwa amezoea kuamka na kwenda kwenye muhogo wake na jembe fupi mkononi, na sasa aliamka akakuta mafundi wanakoroga zege. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimakonde, kwamba mwanawe anajenga kituo cha mabasi. Baba alicheka akaendelea kujenga. Wapangaji hawakuchelewa. Plasta ilikuwa haijakauka, mtu ameshaleta godoro. Walikuja walimu, madereva, mafundi umeme, na vijana wa kampuni zenye majina ya Kizungu ambao walikaa muda mfupi wakahama bila kuaga. Shuleni tulianza kubanana kwenye madawati, kisha wengine wakakaa sakafuni, na mwisho ikabidi tusome kwa zamu, wadogo asubuhi na sisi mchana.

Familia ya Koku ilifika wakati mabibo yamejaa. Baba yake, Deusi, alikuwa mwendesha winchi aliyepata kazi bandarini, na mama yake alikuwa mshonaji. Walitoka Bukoba, upande mwingine kabisa wa nchi, na Mama Koku alipoteremka kwenye gari la mizigo alikuwa amemshika binti yake kwa mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa kitenge. Walichukua vyumba viwili vya mwisho. Koku alikuwa rika langu, akawekwa darasa langu. Siku ile ya kwanza alinionyesha kopo la senene wa kukaanga, wale panzi wanaoliwa kwao, akaniambia nionje. Nilipoona vichwa vyao nilikataa. Nami nikampeleka kwenye sufuria ya ming'oko, mizizi ya porini ambayo kwetu huchemshwa na kuuzwa barabarani, akatafuna mmoja kwa muda mrefu, kisha akasema ni kama kula kamba. Tangu hapo tukawa tunakwenda shule pamoja.

Watu wazima hawakuzoeana haraka hivyo. Mama Koku alikuwa mtu wa kusema alichonacho moyoni, na sisi kwetu mwanamke akiwa na neno anazunguka nalo kwanza, anaulizia watoto, anaulizia shamba, ndipo analifikisha. Siku moja, mbele ya Mama, alisema hajaelewa watu wanawezaje kula ugali wa muhogo kila siku wakati ndizi zipo duniani. Nadhani alikuwa anatania. Mama hakulichukulia hivyo. Baadaye ikaja shida ya maji. Bomba la uani lilikuwa moja, lilitoa maji kwa vipindi, na wapangaji wameongezeka. Mama Koku aliamka mapema akajaza mapipa yake yote kabla wengine hawajaamka. Mama alipolalamika, Mama Koku akajibu kwamba bomba ni la mwenye kuwahi. Kuanzia hapo waliacha kusalimiana isipokuwa pale Baba alipokuwepo, na sisi watoto wao tukajifunza kucheza nyuma ya choo, ambako hakuna dirisha lililotazama.

Aliyewachukia kwa sababu kubwa zaidi alikuwa Saidi, mdogo wake Baba, niliyemwita baba mdogo, aliyekuwa akiishi kwetu kwenye chumba cha barazani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kusomea ufundi wa magari, na mwaka mzima alikuwa akivaa shati lile lile jeupe kila asubuhi na kwenda kusimama kwenye mageti ya kampuni akiwa na bahasha ya vyeti. Alirudi mchana, akavua shati, akalitundika. Mtaani maneno yalikuwa mengi wakati ule. Watu walisema kazi zote zinachukuliwa na wakuja, yaani hao wageni waliofuata gesi, kwamba hata kufagia ofisi watu wanaletwa kutoka mbali, na kwamba sisi tutabaki kupangisha vyumba mpaka tukose pa kulala. Sijui ni kiasi gani cha maneno hayo kilikuwa kweli. Ninajua tu kwamba Deusi alipopita akienda bandarini na kofia yake ngumu ya njano, akasema habari za asubuhi, Saidi alikuwa akiinamia kiatu chake na kukifunga upya.

Deusi alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuonekana kugundua kwamba hajibiwi, au aligundua na kuamua kuendelea. Alijaribu kumwamkia Bibi kwa Kimakonde, akikosea kila mara kwa namna mpya, na Bibi, ambaye hakutaka hata kuwaona wapangaji, alianza kumngoja pale jikoni ili amsahihishe. Siku za mapumziko alitengeneza vitu. Alifunga bawaba ya mlango wetu, akazibua choo, akaweka taa ya nje ambayo hakuombwa. Mvua zilipoanza aliona maji yanamwagika bure kutoka kwenye mabati ya vyumba, akasema atatega mfereji wa bati uelekee kwenye pipa, ili wanawake waache kugombania bomba. Nadhani alijua ugomvi wa Mama na mkewe kuliko alivyoonyesha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Zilianza mapema zikakataa kwisha, udongo mwekundu ukawa tope linalovua viatu, na kuelekea mwisho wa msimu tukasikia kwamba barabara ya kwenda Dar es Salaam imekatika. Kulikuwa bado na kipande upande wa Rufiji ambacho hakijawekwa lami, na maji yalipopanda mabasi yalisimama huku na huku. Mtwara ikawa kisiwa. Bei zilipanda, magazeti hayakufika, na watu waliokuwa safarini walilala vijijini wakisubiri maji yashuke. Ilikuwa katikati ya siku hizo, Jumamosi asubuhi, mvua imepumzika kidogo, Deusi alipopanda ngazi kufunga mfereji wake. Mimi na Koku tulikuwa tumemshikia misumari kwenye kopo. Alifunga upande mmoja, akashuka, akakaa kwenye kigoda cha Bibi na kusema kichwa kinamuuma sana. Alimwita mkewe kwa jina lake, siyo Mama Koku, jina lake mwenyewe ambalo sikuwahi kulisikia. Mkono wake wa kulia ulilegea. Baba na wapangaji wawili walimbeba mpaka kwenye bajaji. Hospitali wakasema ni presha, imepasua mshipa kichwani, na wakafanya walichoweza. Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, Mama Koku alirudi nyumbani akitembea katikati ya wanawake wawili, na kwa jinsi walivyomshika kila mtu uani alielewa.

Mama alikuwa anakuna nazi. Alisimama akaacha kila kitu, akaenda akamtoa Mama Koku mikononi mwa wale wanawake na kumwingiza nyumba kubwa, sebuleni kwetu, akatandika mkeka na kukaa naye chini. Sijawahi kusikia kwamba walizungumza juu ya bomba, siku ile au siku nyingine. Jioni uani palikuwa pamejaa. Walikuja wafanyakazi wenzake Deusi wa bandarini, Wakristo wa jumuiya yao wakiimba kwa sauti za kupokezana, na majirani zetu Waislamu waliokaa kwenye mikeka upande wa pili, kimya, kanzu zao zimekunjwa juu ya magoti kwa sababu ya tope. Koku alilala na mimi. Hakulia. Aliniuliza kama ninajua Bukoba ni mbali kiasi gani, nikamwambia sijui, akasema ni mbali sana, na mvua inanyesha.

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kwa watu wa kwao, mwanamume huzikwa kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba ya ukoo, mahali walipolala baba yake na babu yake. Wakuja wengine waliokufa Mtwara kabla yake, nao walikuwepo, wote walisafirishwa. Gari lilikodiwa, jeneza likapakiwa, mtaa ukatoa pole na kurudi kwenye shughuli zake, na chumba kikapata mpangaji mwingine. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mpangaji anaweza kuzikwa hapa. Lakini sasa gari lisingepita, na ndege ilikuwa ni kitu cha wakubwa. Kila siku Baba alikwenda stendi kuuliza habari za barabara na kila siku alirudi na jibu lile lile. Kaka mkubwa wa marehemu, ambaye Mama Koku alimwita Ta Pius, kwa heshima wanayopewa wanaume wakubwa huko kwao, alipiga simu asubuhi na jioni kusema watu wamekusanyika, kaburi limeshapimwa, wamlete.

Sikuelewa wakati ule kwa nini Mama Koku alikuwa anaogopa, na nilidhani ni huzuni tu. Nilielewa baadaye, kwa kusikia Mama akimweleza shangazi. Mama Koku hakuwa na mtoto wa kiume. Kibanja cha Deusi kilikuwa ndani ya shamba la ukoo, na kama mjane angemzika mumewe ugenini bila ridhaa ya ndugu, wangesema amemtupa mtoto wao, na mwanamke aliyemtupa mume hana cha kurudia, yeye wala binti yake. Kwa upande mwingine maiti, iliyokuwa bado hospitali, haikuweza kungoja maji ya Rufiji. Katekista wa kanisa lao alikuja akamshauri azike. Wenzake Deusi wa kabila lake walimshauri angoje. Baba, aliyeulizwa kama mwenye nyumba, alisema nyumba ni yake lakini maiti ni ya wenyewe, akatoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia.

Mchana mmoja, mvua inapiga bati mpaka ikabidi watu wainue sauti, nilikuwa nimekaa na Koku miguuni pa mama zetu pale mkekani. Bibi alikuwa ameketi karibu na Mama Koku akichambua mchele wa msiba. Bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, akavushwa kwa mtumbwi akiwa msichana wakati wa vita, pamoja na shangazi yake. Tulijua hivyo tu, kwa sababu hakupenda kuzungumzia. Mama Koku alimgeukia ghafla akamuuliza.

"Bibi, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Bibi aliendelea kuchambua.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi sikuulizwa. Mama yangu alibaki ng'ambo, akafia huko huko. Aliyemzika simjui, alipozikwa sipajui." Akatupa jiwe moja dogo kando ya ungo. "Wewe unaulizwa. Basi jibu."

Ta Pius alipopiga jioni ile kwenye simu ya Baba, Mama Koku alitoka nayo uani, mbele ya watu wote, akabonyeza ili sauti isikike. Mwanzoni waliongea Kihaya. Kisha yeye akahamia Kiswahili, naamini kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba hakusikia. Alisema hawangoji tena, wanamzika kesho. Sauti ya upande wa pili ikasema, polepole, bila ukali, "Ukimzika huko, mke wetu, ubaki naye huko huko."

"Nimesikia, Ta," akajibu. "Nitabaki naye."

Alimrudishia Baba simu yake kwa mikono miwili na kumuuliza makaburi ya Wakristo yako upande gani.

Kaburi lilichimbwa asubuhi. Wafanyakazi wa bandarini walikuwa wengi, lakini wengi wao walikuwa zamu, na kwa hiyo waliotangulia na majembe na makoleo walikuwa wanaume wa mtaa wetu. Saidi alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyemwomba. Alivaa kaptula na fulana, siyo lile shati jeupe, akachukua koleo la mafundi lililokuwa limeegemea ukuta na kufuata wenzake. Sisi watoto tulikatazwa kwenda, lakini Baba alisimulia jioni yake na mara nyingi baadaye. Udongo wa pale ni mchanga mtupu, na kwa ile mvua kila walipofika kiunoni kingo ziliporomoka. Walichimba, shimo likajifukia, wakachimba tena. Ikafika saa waliyopanga kuzika na shimo halisimami. Ndipo Baba akaondoka na mkokoteni wa jirani, akarudi nyumbani, na mimi nikamwona akipakia matofali yale aliyokuwa amefyatua kwa ajili ya kuongeza vyumba vingine. Alikwenda na kurudi mpaka lundo likaisha. Wakajenga kuta ndani ya kaburi, Saidi amesimama chini kwenye maji akipokea tofali moja moja, na Deusi akashushwa alasiri, katekista akasoma, watu wakaimba, na wanaume wa Kiislamu wakasimama nyuma kidogo mpaka mwisho. Nyumbani, Mama na wanawake wa mtaa walikuwa wamepika wali na kisamvu, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona Mama Koku akila kisamvu, majani ya ule ule muhogo, bila kulalamika.

Maji yalishuka mwezi uliofuata, na Ta Pius akaja. Tulikuwa tumesikia kwamba anakuja kufukua, na mtaa mzima ulikaa kwa wasiwasi. Watu waliulizana kama sheria inaruhusu na nani atakayeshika koleo kwa kazi ya namna hiyo. Alikuwa mzee kuliko nilivyomdhania, amevaa koti zito katika joto letu, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Hakutaka chakula kabla hajaona kaburi. Baba alimpeleka. Walikaa huko muda mrefu, na waliporudi Baba alikuwa amembebea koti. Yule mzee alieleza mbele yetu kwamba ameona kaburi, ameona limejengwa, na hatamsumbua ndugu yake. Alichukua udongo kidogo kwenye kitambaa. Kisha akaomba kuwaona waliochimba. Walipoletwa aliwashika mikono mmoja mmoja, na alipofika kwa Saidi akamwambia, "Ahsante, mwanangu, kwa kazi uliyotufanyia."

Saidi alikuwa ameinamisha kichwa. "Kazi nilikuwa sina, mzee," alisema. "Muda nilikuwa nao."

Baba alimkaripia baadaye kwa jibu hilo. Ta Pius hakukasirika. Alimwachia mkono taratibu. Kabla mzee hajaondoka, Mama Koku alimuuliza juu ya kibanja, kwa heshima, binti yake amekaa pembeni, na mzee akasema jambo hilo ni la ukoo na litazungumzwa. Kadiri ninavyojua halikuzungumzwa. Miaka kadhaa baadaye Mama Koku alisikia kwamba mtoto wa Ta Pius amejenga pale.

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya ajabu. Mama Koku alirudisha chumba kimoja, akabaki na kimoja, akaweka cherehani mlangoni. Shule zilikuwa zimejaa watoto na kila mtoto alihitaji sare, kwa hiyo kazi haikumpungukia. Mfereji wa bati aliouanza Deusi ulimaliziwa na mpangaji mwingine, fundi umeme, ambaye aliufunga vibaya ukawa unavuja katikati. Vyumba ambavyo Baba alikusudia kuviongeza hakuvijenga. Nilidhani ni kwa sababu ya matofali, lakini haikuwa hivyo. Muda si mrefu wageni wenye fedha walianza kupungua. Kampuni zilifunga ofisi, nyumba kubwa kule Shangani, ufukweni mwa mji, ambazo wenyewe walizihama ili kuwapisha wapangaji wa kigeni zikabaki na walinzi tu, na mtaani kwetu vibao vya chumba kinapangishwa vikaanza kufifia kwa jua. Saidi hakungoja zaidi. Alikwenda Dar es Salaam, akapata gereji, akaoa mwanamke wa Morogoro, na hurudi Mtwara kwa misiba na Idi. Mimi nilisoma, nikaajiriwa serikalini, nikapangiwa Dodoma. Koku alibaki.

Ninaporudi sasa siyaoni mashamba mpaka nimeshapita mbali. Mji haukusinyaa gesi ilipopoa kama wengi walivyosema. Watu waliokuja wengi wao hawakuondoka, na waliozaliwa wakati ule sasa wanajenga. Mtaa wetu, uliokuwa mwisho wa mji, siku hizi watu wanauita mjini. Malori ya makaa ya mawe yanashuka bandarini mchana kutwa na vumbi lake jeusi linakaa juu ya majani. Makaburi yale ya Wakristo yalijaa, eneo jingine likatafutwa, na pale pa zamani majina yaliyoandikwa kwenye misalaba ni ya makabila yote ya nchi hii. Mama Koku alinunua kiwanja kwa cherehani yake, upande wa Naliendele, akajenga. Koku ni mwalimu katika shule tuliyosoma. Anaongea kama sisi, anakula ming'oko barabarani akiwa amesimama, na wanafunzi wake wakimuuliza kwao ni wapi anawaambia ni hapa, nao hawaulizi zaidi.

Huku Dodoma nimepanga nyumba kwenye mtaa mpya, wenye barabara nzuri na maji ya uhakika. Wote tumetoka mahali pengine. Mtu akifa, tunajulishana kwenye kundi la simu, tunachanga, basi linakodiwa, na asubuhi tunasimama getini kusindikiza gari kwa macho mpaka lipotee kwenye barabara kuu. Ni utaratibu mzuri, hauna fujo, na sijasikia mtu akilalamika. Mtaa wetu wa Mtwara haukuwa na utaratibu wowote. Ulikuwa unagombana na akina Deusi juu ya maji na kazi, wala haukulijua jina la ukoo wake mpaka katekista aliposoma, na ukamchimbia kaburi kwenye mchanga unaoporomoka. Nimekaa hapa muda mrefu kuliko aliokaa yeye kwetu. Nawafahamu majirani kwa majina na kwa magari yao. Lakini mtu akiniuliza katika mji huu makaburi yako upande gani, sitaweza kumwonyesha.